Boti ya matanga ya futi 23 iliyokaa nchi kavu miaka sita: nianze na nini kabla ya kwenda Ssese?

Mkaazi wa Kigungu

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu ni Kigungu, pale Entebbe, na miezi miwili iliyopita nilinunua boti ndogo ya matanga kutoka kwa familia ya Kizungu iliyokuwa inarudi kwao. Ni boti ya faiba yenye urefu wa futi 23, iliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1970, na badala ya mkuku (ule uti wa chini ya boti) mmoja mrefu ina mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande, kwa hiyo husimama yenyewe nchi kavu bila kuegemezwa kwa magogo. Imekaa chini ya mwembe kwa miaka sita. Turubai lililoifunika lilichanika upande wa shetri, yaani nyuma, na siku niliyofungua mlango wake kwa mara ya kwanza nilikuta maji ya mvua yamepanda juu ya mbao za sakafu, na vyura walikuwa wameshaanzisha ukoo humo ndani.

Nia yangu si mashindano, wala si kuvuka Ziwa Victoria kwenda Mwanza au Kisumu. Ninataka kusafiri taratibu kwa kuambaa na nchi, nikilala njiani: kwanza kutoka Kigungu hadi Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, kimoja cha visiwa vya Ssese, na baadaye, tutakapokuwa tumeizoea boti, kuelekea mashariki kwa kupita Koome, Damba na Buvuma hadi Jinja. Nitakuwa na mke wangu na mpwa wangu wa miaka 19, ambaye anaogelea vizuri kuliko anavyosikiliza.

Niliyoyaona mpaka sasa ni haya. Chini ya boti kuna malengelenge mengi madogo, mengine ya ukubwa wa punje ya mahindi na machache ya ukubwa wa sarafu. Sitaha inabonyea kidogo ukiikanyaga karibu na mlingoti. Nyaya zinazoushikilia mlingoti zinang'aa kwa sehemu kubwa, ila huku chini zinapoingia kwenye vishikio vyake zina madoa ya kutu. Tanga kubwa ni laini kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Injini ya nguvu farasi 8 inawaka, lakini huzimika baada ya dakika kumi hivi.

Akiba yangu inatosha kazi moja kubwa na mbili ndogo, si zaidi. Nilifikiri kuanza na rangi, paneli ya sola na kifaa cha GPS, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonekana kukosekana. Karakana moja niliyoiita iliniambia boti yote inahitaji kukwanguliwa na kupakwa upya na nyaya zote kubadilishwa, kwa gharama iliyozidi bei niliyonunulia, na fundi wao hakupanda hata ndani kuangalia. Naomba mnisaidie kupanga: ni kitu gani kisichoweza kusubiri, na ni kipi ninachoweza kukiacha mwaka huu bila kuhatarisha watu?

Fundi wa Ggaba

Shikamoo Mwalimu. Rangi, sola na GPS viache kwanza. Hakuna aliyezama kwa sababu rangi ya boti yake ilikuwa imefifia. Boti iliyokaa namna hiyo inaulizwa maswali matatu kabla ya mengine yote: je, maji yanaweza kuingia, je, mlingoti utasimama, na je, usukani utatii. Injini inakuja ya nne, na hayo mengine yanaweza kufuata mwaka ujao.

Nianze na malengelenge, kwa kuwa ndiyo yanayowatisha watu na ndiyo yanayowapa mafundi wasio waaminifu nafasi ya kula akiba yako. Faiba hunywa maji polepole sana kupitia tabaka lake la nje, na maji yakikutana ndani na kemikali ambazo hazikukauka vizuri kiwandani hutengeneza kimiminika kinachovuta maji zaidi, kisha tabaka la nje linafutuka. Maji baridi yasiyo na chumvi huharakisha jambo hili kuliko maji ya bahari, na ziwa lenye joto kama letu huliharakisha zaidi, kwa hiyo boti iliyoogelea Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, miaka mingi bila malengelenge ingenishangaza. Chukua msumari, vaa miwani kwa sababu kimiminika kile kinaweza kuruka, kisha toboa matatu au manne. Ukisikia harufu kama ya siki, basi ni hayo ninayoyasema. Ukikuta chini ya lengelenge faiba ni ngumu na safi, una ugonjwa wa ngozi tu. Lakini ukikuta nyuzi zimelegea na kuachana, hapo ugonjwa umeingia kwenye mfupa, na sehemu hiyo lazima ikatwe na kujazwa upya. Bahati yako ni kwamba miaka sita ya kukaa nchi kavu imeukausha mwili wa boti kwa nje kuliko karakana yoyote ingeweza. Fungua yale makubwa, yaoshe kwa maji safi mara kadhaa kwa siku kadhaa, yaache yakauke, yajaze kwa epoksi iliyochanganywa na unga wake, piga msasa, kisha paka tabaka za epoksi kabla ya rangi ya chini. Yale ya ukubwa wa punje ya mahindi ambayo ni magumu hayatakuua mwaka huu.

Kinachonitia wasiwasi ni ile sitaha inayobonyea karibu na mlingoti. Sitaha za boti hizi si faiba tupu. Ni tabaka mbili nyembamba za faiba zenye mbao katikati, mara nyingi balsa au plaiwudi, na maji yakipita kwenye tundu moja la skrubu huoza mbao hizo bila wewe kuona chochote juu. Chukua mpini wa bisibisi, gonga sitaha yote kwa mistari, kila kiganja kimoja, ukisikiliza. Penye afya patalia kavu na juu, penye kuoza patalia zito kama unagonga papai lililoiva. Zungushia chaki kila mahali palipolia vibaya, kisha utajua ukubwa wa kazi. Kama ni ubavuni, mbali na mlingoti, unaweza kusubiri. Kama mlingoti wako unasimama juu ya sitaha na paliponyong'onyea ni chini yake, hiyo ndiyo kazi yako moja kubwa, kwa kuwa nyaya zikikazwa huusukuma mlingoti chini kwa nguvu sana, na sitaha iliyooza itazama, nyaya zitalegea, na siku ya upepo mlingoti utalala. Usikubali mtu aidunge sitaha sindano ya gundi pale. Tabaka la juu likatwe, mbao zilizooza zitolewe zote hadi zile kavu, na katika eneo la mlingoti wenyewe pawekwe kipande kigumu cha mbao nzuri. Mvule mkavu uliolowekwa epoksi unafaa kabisa na unao hapa hapa nyumbani.

Angalia pia matundu yote yanayopita chini ya boti, ya sinki, ya choo na ya injini kama yapo. Valvu za zamani mara nyingi ni za shaba ya manjano, na shaba hiyo ikikaa majini miaka mingi hupoteza zinki yake, inageuka rangi ya waridi, na unaweza kuivunja kwa koleo. Ikwangue kidogo uone rangi. Tundu usilolihitaji lizibwe kwa faiba, maana tundu lililozibwa halivuji usiku wa manane. Jambo jingine dogo: kama kuna vipande vya zinki vilivyofungwa chini kulinda chuma, fahamu kwamba katika maji yasiyo na chumvi zinki hujipaka ukoko na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo huku ziwani hutumiwa magnesiamu.

Mikuku nayo ipigwe jeki kidogo mmoja mmoja, mtu mmoja atazame kiungo chake kutoka ndani na mwingine kutoka nje. Ukiona mchirizi wa kutu unaotoka kwenye kiungo, au mkuku unacheza hata unene wa kucha, toa bolti moja uitazame shingo yake. Moja itakueleza hali ya nyingine.

Kijana wa Masese, Jinja

Nakubaliana na Fundi kwa karibu yote, ila ningeipandisha injini ngazi moja. Boti ya matanga isiyo na injini ya kuaminika huku kwetu ina matatizo mawili ambayo vitabu vilivyoandikwa ng'ambo havina: gugu maji na visiwa vinavyoelea. Ukijikuta demani (upande upepo unakoelekea) ya kisiwa cha mafunjo kinachosukumwa na upepo huku ziwa limetulia nyuma yake, tanga halitakusaidia kutoka. Mwezi Aprili 2020 kipande kimoja cha namna hiyo kilifika hadi kwenye bwawa la umeme hapa Jinja na kuizima nchi nzima, kwa hiyo hebu fikiria kitakachofanya kwa futi 23 za faiba.

Injini inayozimika baada ya dakika kumi kwa kawaida inakosa mafuta au inakosa maji. Tazama kama ule uzi wa maji unaoruka nyuma ya injini upo na una nguvu. Kama ni dhaifu, badilisha mpira wa pampu ya maji, ambao ukikaa miaka sita katika mkao mmoja hujikunja na hauwezi kurudi. Kama maji yako sawa, basi tazama kizibo cha tangi kama tundu lake la hewa limefunguliwa, kisha safisha kabureta, badilisha plagi na umwage petroli yote ya zamani. Nunua chujio linalotenganisha maji na petroli, maana petroli ya madumu ya kwenye mialo hubeba maji. Usishangae pia nguvu ikipungua kidogo kuliko kitabu kinavyoahidi, kwa kuwa ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na kifaa cha kuisaidia hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hakikisha shafti ni ndefu, la sivyo pangaboi litakuwa linapiga hewa kila wimbi linapoinua shetri.

Chukua kisu chenye meno, ukifunge kwa uzi karibu na shetri. Nyavu za sangara zimetegwa kila mahali na maboya yake ni chupa za plastiki zisizoonekana jua likiwa mbele yako. Siku pangaboi likila wavu utakishukuru.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, mimi nimepeleka mizigo kati ya gati la Nakiwogo, hapo Entebbe, na Bugala kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya hapo nilikulia Mombasa, kwa hiyo utanisamehe nikitumia maneno ya pwani. Wenzangu wamekwambia habari za boti. Mimi nitakwambia habari za upepo, kwa sababu upepo ndio unaoamua ni sehemu ipi ya boti itavunjika kwanza.

Usiku nchi hupoa haraka kuliko ziwa, na kuelekea alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwetu pwani huitwa umande. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi hufa, ziwa huwa kioo, kisha mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alasiri huwa na nguvu. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, huungana na upepo huo wa mchana na mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima, kwa kuwa ziwa letu ni pana sana lakini si refu kwenda chini. Sehemu yenye kina kikubwa kabisa haizidi sana mita 80. Wimbi la namna hiyo halikubebi, linakupiga.

Maana yake kwako ni hii. Ukitaka kwenda Bugala, ng'oa nanga kabla ya jua kuchomoza, upepo wa nchi ukiwa mgongoni, uwe umemaliza zaidi ya nusu ya njia kabla upepo wa mchana haujaja usoni kwako. Feri inayotoka Nakiwogo huchukua takribani saa tatu na nusu. Wewe hesabu kutwa nzima. Ghuba ya Lutoboka imeupa kusi mgongo, kwa hiyo ukishaingia utalala. Lakini ukiambaa mashariki kuelekea Jinja, kumbuka kwamba pwani yote ya kaskazini alasiri iko demani yako, yaani upepo unakusukuma kwenda kwenye mawe, na boti ya mikuku miwili ni nzito kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo. Pita ndani, kati ya visiwa na bara, nyuma ya Koome na baadaye nyuma ya Buvuma, ambako visiwa vyenyewe vitakuvunjia mawimbi, na uwe umeshatia nanga kabla ya saa tisa mchana. Ukifika Jinja, usikaribie mahali mto unapoanzia. Maji pale yanakwenda bila kuonekana kwamba yanakwenda.

Usiku usisafiri. Si kwa sababu ya wavuvi wa mukene (dagaa) tu, ambao taa zao utaziona, bali kwa sababu radi za ziwa hili huzaliwa usiku katikati ya maji, pale pepo za nchi kutoka pande zote zinapokutana, na nyingi husogea kuelekea magharibi, kwa hiyo Ssese huzipokea alfajiri. Mlingoti wako utakuwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote kwa maili nyingi. Na maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme vibaya kuliko bahari, kwa hiyo radi ikishuka kwenye mlingoti hutafuta njia ya pembeni kupitia watu na kupitia mwili wa boti. Wekeni waya mnene ulionyooka kutoka shina la mlingoti hadi bamba kubwa la shaba chini ya maji, lakini lililo bora zaidi ni kuwa nyuma ya kilima, umetia nanga, mkono wako haujagusa waya wowote. Kila unapopanga kuondoka, sikiliza utabiri wa ziwa wa mamlaka ya hali ya hewa, kisha tazama mawingu mwenyewe.

Kwa habari ya matanga, nitakuwa mkali kidogo. Wanaonunua boti hizi hutaka tanga jipya kubwa. Wewe unahitaji tanga unaloweza kulipunguza. Hakikisha tanga kubwa lina safu mbili za kupunguzia, kwamba kamba za kupunguzia zipo, na kwamba mke wako anaweza kupunguza tanga peke yake huku wewe umeshika usukani, kwa muda usiozidi dakika tano. Mtihani huo mfanye chini ya mwembe, boti ikiwa imesimama. Uzi wa kushonea huoza kwa jua kabla ya kitambaa, na jua la ikweta halina huruma: kwaruza mshono kwa ukucha, na uzi ukikatika, lipeleke tanga lote kwa fundi cherehani wa maturubai akapitishe mishono mitatu mipya. Kama kitambaa chenyewe kinachanika ukikitoboa kwa sindano na kukivuta, hapo huna budi kununua.

Muuguzi wa Kalangala

Mwalimu, nitasema mawili tu. Mtakapokuwa mnaisukuma boti majini na kuisugua chini mkiwa mmesimama kwenye maji ya magoti karibu na matete, hapo ndipo konokono wa kichocho walipo. Vaeni mabuti marefu, isugueni nchi kavu inapowezekana, na nyote mpimwe baadaye, kwa sababu dawa ya prazikwanteli ipo na inafanya kazi, ila watu huja kwetu wakiwa wamechelewa. La pili ni jaketi za kuokolea maisha: zivaliwe, zisiwe mto wa kulalia. Wengi niliowahi kuwapokea walikuwa nazo ndani ya chombo. Mpwa wako anayeogelea vizuri ndiye wa kwanza kumvalisha.

Mkaazi wa Kigungu

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyonielekeza, na mengine yamenifurahisha huku mengine yakininyima usingizi.

Nilitoboa malengelenge sita. La tatu lilirusha tone hadi kwenye kioo cha miwani yangu, na harufu ilikuwa ya siki kabisa, kama kachumbari. Chini yake faiba ilikuwa ngumu katika matano; la sita, karibu na mkuku wa kushoto, nyuzi zilitoka kwa ncha ya kisu, eneo la kiasi cha kiganja. Mikuku yenyewe haichezi.

Sitaha niligonga kwa asubuhi mbili, mpwa wangu akifuata na chaki. Kwa kweli sikuamini masikio yangu mwanzoni, lakini tulipofika mbele ya mlingoti sauti ilishuka ghafla, na hata yeye ambaye hasikilizi alisimama. Tulichora umbo kama la ini, urefu wa dhiraa moja, na mlingoti umesimama kwenye ukingo wake. Nikatoboa tundu moja dogo kutoka ndani, na maji ya rangi ya chai yakadondoka kwa muda wa kunywa chai yenyewe.

Basi tuliamua kushusha mlingoti. Tuliufunga kwa kamba kwenye tawi la mwembe, vijana watano wakashika, tukaulaza juu ya magunia. Hapo ndipo nilipoiona ile kutu kwa karibu. Nilipitisha kipande cha pamba kwenye waya wa mbele kuanzia juu, kikateleza vizuri hadi chini, na kidole kimoja kabla ya kishikio kikanasa. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika ndani ya ule mzunguko, zimesimama kama ndevu za paka. Zilikuwa hazionekani kutoka chini. Nyaya za ubavuni hazina uzi uliokatika.

Swali langu sasa ni kama nibadilishe ule mmoja tu au zote. Na pili, nikishamaliza sitaha, safari ya kwanza iwe ya kwenda wapi?

Fundi wa Ggaba

Badilisha zote. Najua nilitaka kuilinda akiba yako, lakini nyaya za chuma kisichoshika kutu huhesabiwa miaka kumi hadi kumi na tano, na hizo zimekula mvua na jua kwa umri huo na zaidi, tena zimenunuliwa siku moja na kuvumilia kazi moja. Mmoja akishaanza kukatika, wenzake wako njiani. Pesa itoke kwenye rangi na kwenye GPS. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji pamoja na dira nzuri iliyofungwa mbali na chuma vitakutosha kwa kuambaa na nchi. Wakati mlingoti uko chini, tazama pia zile bamba za chuma zinazopita kwenye sitaha na kushika nyaya. Zitoe, zisugue, zitazame penye kona iliyofichwa ndani ya sitaha, maana chuma hicho huoza pale pasipo na hewa. Ile kazi ya sitaha usiifanye haraka: epoksi isimwagwe juu ya mbao ambazo bado zinatoa chai.

Nahodha Mstaafu

Safari ya kwanza usiende popote. Tia nanga mbele ya nyumba yako, mita mia mbili kutoka ufukoni, ulale ndani usiku mmoja pamoja na wote utakaosafiri nao. Pima kina: kama ni mita 4, na omo, yaani mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji, hesabu yako ni 5, siku tulivu toa amari (kamba ya nanga) mara tano ya hiyo, yaani mita 25, na upepo ukianza toa mara saba, mita 35. Sehemu ya kwanza, angalau urefu wa boti, iwe mnyororo, kwa kuwa kamba tupu huinuka na nanga hujing'oa kwenye tope. Tope letu hupenda nanga yenye kucha pana. Paka alama kwenye kamba ili gizani ujue umetoa kiasi gani. Usiku huo utajua kama pampu ya ngama, yaani ya maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, inafanya kazi, kama ndoo ya pili ipo, kama taa ya nanga inawaka hadi asubuhi na kama usubi watakuruhusu kulala. Mtungi wa gesi wa kupikia usilale ndani. Gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka kwenye ngama na kusubiri kiberiti.

Safari ya pili iwe kuzunguka kwenda kisiwa cha Bussi na kurudi siku ya pili. Kumbuka kwamba mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, rekodi mpya wakati huo, na karibu na ufuko bado kuna nguzo za gati, mizizi na misingi ya nyumba ambayo ramani yoyote ya zamani itaionyesha kama nchi kavu. Ingia ghuba usiyoijua polepole, jua likiwa juu au nyuma yako, kijana mmoja akiwa omoni. Kabla ya hayo yote, nenda ukaandikishe boti na kupata leseni yake, kwa sababu sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 haibagui boti ya starehe na ya mizigo, na askari wa doria watakuuliza hiyo kabla hawajakuuliza jina lako. Bugala ije baada ya Bussi mbili au tatu, na moja kati ya hizo iwe siku ambayo mmelazimika kupunguza tanga.

Mkaazi wa Kigungu

Nyaya nimeziagiza zote, na GPS nimeifuta kwenye orodha. Mbao za sitaha bado zinakauka. Mpwa wangu amezijengea kibanda cha nailoni ili mvua isizifikie. Amari nimeipaka alama nyekundu kila mita tano. Mke wangu ameomba mtihani wa kupunguza tanga ufanyike Jumamosi hii chini ya mwembe, kwa kuwa mlingoti tutausimamisha kwa muda kwenye gogo, na anasema dakika tano ni nyingi.